Friji Wazi Sebuleni

Kaka mpendwa,

Sisi wazima, ila joto la huku halisemeki. Jana mama mkwe alikuja kutusalimu, akawa anajipepea kwa gazeti. Nami, fundi friji mzima, nikajitia ujuaji: nikaacha mlango wa friji wazi ili sebule ipoe. Binti yangu akauliza, "Baba, joto ambalo friji inalitoa ndani, si inalimwaga humu humu kwa nyuma?"

Nilijua amesema kweli. Nikamfokea mbele ya bibi yake, "Fundi nani hapa?"

Sebule ikazidi kuwaka. Mama mkwe akahamia barazani na gazeti lake.

Kaka, yule mtoto huniuliza kila kitu, mpaka radi. Leo nimemtilia barafu kwenye glasi ya maji, kusudi aniulize kwa nini inaelea. Akaitazama ikielea, akanywa, asiulize kitu.

Mdogo wako aliyeumbuka