Disketi ya Mama

Leeuwarden, 4 Februari 2019

Mwanangu Jildou,

U hali gani huko Rotterdam? Mimi mzima, ila goti linanisumbua na baridi hii. Miaka sita hujaniandikia, barua yako imenitoa machozi. Shangazi yako hakudanganya: mama yako alikuachia barua. Aliichapa kwenye Atari, ile kompyuta yangu ya zamani, wiki moja kabla hajafa, akaniagiza nisikupe mpaka uiombe mwenyewe. Imo kwenye disketi moja tu. Sijaifungua, si yangu.

Utanicheka, lakini hiyo Atari bado inafanya kazi. Naiendesha kwa Minix, mfumo wa kompyuta unaopokea amri za kuandikwa, na inanitii kuliko ninyi mlivyowahi kunitii. Jumamosi nitakunakilia.

Baba yako, Wiebe

Rotterdam, 15 Februari

Baba,

Pole na goti. Disketi imefika, lakini haina kitu. Haijaharibika, ni tupu kabisa. Tafadhali inakili tena. Sikuja kumzika Mama, na ugomvi wetu unaujua. Nataka tu kujua kama alinisamehe.

Binti yako

Leeuwarden, 20 Machi

Mwanangu,

Nimechelewa kwa aibu, usidhani ni goti. Kwenye Minix unataja kwanza disketi yenye maandishi, kisha ile ya kupokea. Nimeandika amri hiyo karibu miaka thelathini, na siku ile nikaigeuza. Utupu ukaandikwa juu ya barua ya mama yako. Mfumo huu ukishatii hausemi neno, wala haukuulizi kama una hakika. Nikaona kimya, nikajua mambo yamekwenda sawa, nikaenda kunywa kahawa.

Wiki nne nimehangaika, na wenzangu wa chama cha Atari nao wamehangaika. Haipo tena. Laiti ningekuwa mdaku, ningeichungulia hata siku moja. Nisamehe.

Baba yako

Rotterdam, 23 Machi

Baba,

Sina hasira, nimechoka tu. Wewe ulikuwepo alipoichapa. Alikuwa analia? Alisema nini? Niambie chochote.

Jildou wako

Leeuwarden, 27 Machi

Mwanangu,

Natumai umepata usingizi kidogo. Mimi sijambo.

Alikaa kwenye mashine tangu asubuhi mpaka saa saba mchana, na chai yake ikapoa. Hakulia, au labda alilia nilipokuwa jikoni. Aliniita mara moja tu, akauliza, "Wiebe, mstari unafutwaje?" Nikamwonyesha kitufe huku nimegeuza uso nisije nikasoma. Alifuta mstari gani, mwanangu, sijui.

Baba yako