Tulinyoosha Mikono Kabla ya Chai

Jumatatu, 4 Agosti

Kidato cha nne, titresheni, kupima asidi kwa bureti, vipindi viwili mfululizo. Bomba halitoi maji, tumetumia ya dumu. Vijana wa benchi la nyuma wameandika usomaji mmoja wakataka kuondoka. Nimewarudisha. Wapime mara tatu, na namba zikipishana sana, warudie. Wamenuna. Wanune.

Minza kamaliza wa kwanza. Namba zake zimekaribiana mpaka nikamshuku. Nimesimama nyuma yake aanze upya. Zimekuja zilezile. Sikumsifu, naogopa sifa zitamlevya.

Mguu unauma tena.

Jumatano, 6 Agosti

Ukaguzi wa mabweni. Matroni kakuta kichupa cha dawa ya kikohozi ndani ya tranka la Minza. Mlikuwa na zebaki, kama vijiko viwili. Hapa Geita hata mtoto anajua zebaki ni ya nini. Wachimbaji wanakamatia dhahabu, na mnunuzi hakosekani.

Kikao cha dharura, robo saa kabla ya chai. Mwalimu Bundala wa nidhamu kaniuliza swali moja tu: maabara ina zebaki? Nikasema ipo. Kesi ikaishia hapo. Minza kaitwa. Kasema, "Si ya maabara." Kaulizwa ni ya nani, kanyamaza, anaangalia sakafu. Bundala kasema kunyamaza huko kunatosha. Wanaokubali afukuzwe wanyooshe mikono.

Tulinyoosha wote kumi na mmoja. Mimi nilikuwa wa tatu au wa nne. Nilikuwa na hasira. Niliona kaniibia mimi, niliyemfundisha kushika bureti.

Chai ilikuwa na maandazi. Nilikula mawili.

Alhamisi, 7 Agosti

Kaondoka asubuhi, tranka limefungwa nyuma ya bodaboda. Kapita mbele ya maabara. Kasema shikamoo mwalimu. Sikuitikia.

Ijumaa, 15 Agosti

Tunasahihisha mtihani wa majaribio. Leo tumebishana saa nzima na nusu juu ya nusu alama. Nusu. Swali la tano, mwanafunzi kaandika jibu sahihi bila kipimo chake. Bundala kataka msahihishaji wa pili, halafu wa tatu. Nikamuunga mkono. Mwongozo ni mwongozo.

Mchana bodi ya shule imekaa, mimi nimeingia kama mwakilishi wa walimu. Ajenda ya Minza ilikuwa kati ya vyoo na kuni. Vyoo vilichukua muda mrefu. Minza kathibitishwa kufukuzwa kabla mwenyekiti hajamaliza soda yake.

Sikusema kitu. Hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimefungua kabati la kemikali kuandaa orodha ya mtihani wa vitendo. Ufunguo ninao mimi peke yangu. Nyuma kabisa, chupa ya zebaki. Utepe wa kiwandani uko palepale. Haujaguswa tangu chupa iletwe.

Nimekaa chini, kwenye sakafu, na gauni la kazini.

Hatua ishirini. Kutoka chumba cha kikao mpaka kabati hili ni hatua ishirini, nimekwenda kuzihesabu. Ningeweza kusema ngojeni nikaangalie, nikarudi kabla Bundala hajakohoa. Mtoto akiniletea usomaji mmoja namrudisha benchini. Mimi sikuwa na hata huo mmoja.

Nimejidanganya kidogo kwamba nilisahau. Sikusahau. Sikuona kama ni jambo la kuangaliwa. Nilidhani mambo ya tabia unayajua tu, kama unavyojua mvua inakuja.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimempelekea mkuu wa shule chupa yenyewe mezani. Kaitazama, kavua miwani, kaivaa. Kasema bodi imeshakaa. Kasema tena kwamba hata kama si ya shule, zebaki ni sumu, mwanafunzi ana nayo ya nini? Nikamwambia hilo ndilo swali ambalo hatukuuliza.

Bundala alikuwepo. Kanionea huruma, nadhani ya kweli. "Mwalimu, nidhamu haiendeshwi kwa mizani. Inataka busara tu."

Nikamuuliza mbona nusu alama tuliipa wasahihishaji watatu. Kasema ile ni taaluma.

Nimerudi maabara nikalia. Miaka kumi na sita ya kazi, na nilikuwa naamini hivyohivyo anavyoamini yeye. Ndicho kinachonichoma. Bundala si mtu mbaya. Wala mimi si mbaya. Tulikuwa na njaa ya chai, na msichana alikuwa mmoja.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimekwenda Buseresere kumtafuta mama yake. Nimeelekezwa mwaloni, wanakooshea mawe yaliyosagwa. Wanawake wameinama kwenye matope ya rangi ya kutu. Mama Minza hakunijua. "Mwangaluka," kasema, nikamjibu kwa Kisukuma, uso ukafunguka. Nilipotaja shule ukafungika.

Kasimulia bila kuacha kazi. Zebaki ilikuwa yake, kapewa na mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Dhahabu anaichomea nyumbani, jikoni, kwenye kikaango, na mtoto wake mdogo wa miezi mitano analala humohumo. Likizo ya Juni Minza kamgombeza. Kasema mwalimu wa kemia kawafundisha moshi ule unaingia kwenye ubongo wa mtoto. Mama kamwambia aache maneno ya shule. Siku ya kurudi bwenini, kichupa kikapotea.

Kakichukua kwa sababu ya somo langu. Nalikumbuka lile somo. Nilipiga meza.

Na kikaoni hakusema, kwa sababu angemtaja mama yake. Mwenye karasha hataki maneno na watu wa serikali.

"Alivyorudi nilimchapa," kasema mama. "Nilidhani amefukuzwa kwa wizi mwingine."

Minza hayupo. Kapelekwa Mwadui kwa shangazi yake, anasaidia kwenye kibanda cha ushonaji.

Mtoto yuko vipi, nimeuliza. Kasema hajambo. Sikuweza kujua kama ni kweli.

Jumatatu, 8 Septemba

Wiki nzima nimekuwa mlangoni kwa mkuu. Leo kachoka nami. Usajili wa Minza wa mtihani upo, hauwezi kufutwa. Anaweza kurudi afanye, kwa sharti moja. Aandike barua ya kukiri kosa na kuomba radhi, ili bodi isionekane ilikosea.

Nimefurahi. Naandika hili ili nisije nikalikana. Nilifurahi mpaka nikamshika mkuu mkono kwa mikono yangu miwili. Usiku huu nimemwandikia rasimu ya barua mwenyewe, yeye anakili tu.

Jumamosi, 13 Septemba

Basi mpaka Shinyanga, kisha Mwadui. Nyumbani kwetu Mhunze si mbali na pale. Sikwenda, ningemwambia nini mama.

Minza kaniwekea kiti. Kakonda. Shikamoo. Safari hii nimeitikia. Nimempa habari yote, kabati, utepe, mama yake, sharti. Kisha rasimu.

Kaisoma polepole, mara mbili. Kaikunja.

"Mwalimu, siku ile ulinyoosha mkono?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nikasema nilinyoosha.

Kaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyesoma namba na kuikuta ndiyo ileile. Kasema, "Tukibuni majibu ulikuwa unachana karatasi. Hili ni la kubuni."

Nimembembeleza. Nimesema ni karatasi tu, mtihani ndio maisha yako, nani atakumbuka barua? Nimesema mengi ambayo nisingemruhusu mwanafunzi kuyasema. Kaniacha nimalize. Kasema niwape salamu wenzake. Shangazi kaleta uji, nimeunywa kwa heshima.

Sijui kama ana haki au ana kiburi. Nimejiuliza njia nzima. Ana miaka kumi na minane, na mimi ndiye niliyemweka hapo pa kuchagua.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeomba bodi ikae upya, kwa maandishi. Nimeeleza kila kitu isipokuwa jina la mwenye karasha. Mkuu kasema barua ameipokea.

Ijumaa, 31 Oktoba

Bodi haijakaa. Mwenyekiti kasafiri, halafu ana msiba, halafu hapatikani. Simu ya shangazi haipokelewi tena.

Jumanne, 18 Novemba

Mtihani wa vitendo. Sheria inataka vifaa viandaliwe kwa kila aliyesajiliwa, hivyo nimepanga na vya Minza. Nilisimama dirishani mpaka mlango ulipofungwa. Hakuja.

Baadaye fomu ya wasiofika. Ina mstari wa sababu. Mkuu kasema niandike utoro, ndivyo shule zote zinavyoandika. Nimeandika: alifukuzwa kwa kosa ambalo hatukulichunguza. Nikaweka sahihi.

Kaisoma mpaka mwisho. Hakugomba. Kavuta fomu nyingine safi kutoka kwenye droo, kaijaza mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri, kwenye sababu kaandika utoro, kaweka mhuri.

Nimerudi maabara kuosha vifaa. Vyake vilikuwa safi, nimevirudisha kabatini.