Kwa Kaka Mhando, Aliyechelewa Kulia

Kaka Mhando,

Shikamoo. Najua ungeniambia niache maneno mengi niseme nilichokuja nacho, kwa hiyo naanza na kinachonikera. Bado wanasema umepumzika. Tangu tulipokuzika hapa Kwaluguru, kila anayekuja kumpa mama pole lazima aseme, "Afadhali kijana amepumzika," na wengine huongeza kwa sauti ya chini kwamba mama naye amepumzika. Mtu mzima na ndevu zako unaitwa kijana, na kifo chako kinageuzwa likizo ya mama. Mimi huwa nanyanyuka naenda jikoni kupuliza moto unaowaka vizuri tu.

Mama hajapumzika hata kidogo. Anakulilia akipeta mahindi, anakulilia akifagia. Juzi alikoroga chai akatia sukari ya kwako, ile ya kufanya kijiko kisimame, halafu akakumbuka. Nikainywa mimi. Ilikuwa mbaya sana, kaka, sijui ulikuwa unaimezaje.

Hadithi ya kuzaliwa kwako amenisimulia mara nyingi. Mlikuwa Mazinde, baba akikata mkonge, mimi bado sijazaliwa. Ulitoka bila kulia. Wakakupangusa, wakakumwagia maji baridi, wakakupigapiga mgongoni, na sauti yako ilipotoka mkunga alikuwa ameshakata tamaa. Baadaye daktari mmoja akamwambia mama kwamba ubongo wako ulikosa hewa, kilichokufa hakifufuki, asijisumbue kukufundisha chochote. Mama akaitikia kwa adabu, akarudi nyumbani, akakufundisha. Kushika kijiko kulichukua miaka. Kusokota kamba kukachukua mingine. Mkono wa kushoto ulipogoma kabisa, wewe ukazishikilia singa, zile nyuzi za mkonge, kwa vidole vya mguu, na tulipohamia huku kwa kina mama, nusu ya mbuzi wa Kwaluguru walifungwa kwa kamba zako. Mtu aliyepita karibu akazikanyaga singa zako alitukanwa, awe mtoto, awe shehe.

Unawakumbuka fuko wa shamba la mihogo, wale panya wa kuchimba chini kwa chini? Mjomba Athumani alikuwa anaziba matundu yao yote, anabakiza moja, anachoma humo pilipili na mavi makavu ya ng'ombe mpaka sisi tuliokuwa nje tunakohoa. Asubuhi tunakuta fungu la udongo mbichi katikati ya mihogo. Mjomba anatukana, wewe unacheka hadi unadondoka kwenye kigoda. "Bado yupo," unasema. "Mjomba, bado yupo."

Nikakua na swali hilo moja: yupo vipi? Chini kule hewa ni haba hata siku isiyo na moshi. Ndiyo kazi yangu sasa, nawe ulikuwa ukiniuliza kila likizo kama kweli serikali inanilipa kwa ajili ya fuko. Pale maabara Morogoro nachukua kipande chembamba cha ubongo wa fuko, nakiweka kwenye maji yenye chumvi na sukari kiendelee kuwa hai, kisha nakipunguzia oksijeni. Natazama makutano ya seli, pale seli moja inapoipa nyingine taarifa. Zikipeana taarifa mara nyingi, makutano yanaimarika, na huko ndiko kujifunza. Ni kama njia ya mkato kwenye shamba la mtu. Hakuna aliyetoa ruhusa, watu wanapita tu, wanapita tena, mwisho njia ipo. Mwenye shamba akiziba kwa miiba, watapita upande wa pili. Hewa ikipungua, ubongo wa panya wa kawaida unahangaika, unamaliza nguvu zake zote, na makutano yanaharibika. Wa fuko unatulia. Hewa ikirudi, unaanza tena kuyaimarisha.

Unafanyaje, sijajua vizuri. Kama siku moja tutaweza kumsaidia mtoto mchanga kwa njia hiyo, sijui pia, na sitakudanganya eti kwa kuwa umekufa. Ila najua kwamba neno "kilichokufa" lilitamkwa mapema mno juu yako. Nilipotoa mada kuhusu haya yote nilianza na picha yako umekaa na kamba. Mkubwa wangu wa kazi akaniambia niitoe, sayansi si matanga. Nikaitoa mwanzoni. Nikaiweka mwishoni, kubwa zaidi.

Sasa nikueleze mazishi yako, maana hilo hukuliona na ungelipenda. Asubuhi ile watu walikaa kwenye mikeka wakiwa wapole ajabu. Marehemu baba, unakumbuka, watani walilala mbele ya jeneza lake wakadai hapiti mpaka alipe deni la pombe ambayo hakuwahi kuinywa. Kwako, kimya. Nikamuuliza mjomba Athumani watani wako wapi. Akaniambia wamekatazwa. "Yule alikuwa malaika," akasema. "Malaika hataniwi." Alisema kwa upendo, ndiyo maana iliniuma zaidi. Kwetu Wazigua anayetaniwa siku ya kuzikwa ni mtu aliyeishi na watu, akawaudhi, akawadai, akawachekesha. Mjomba alikuwa anakuzika kama mtoto ambaye hajaota meno.

Nikapita katikati ya wanawake hadi kwa bibi Kabula, yule jirani yetu wa Mazinde ambaye baba yake alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge. Mtani wetu halali. Alikuwa amekaa anajifuta machozi kama wengine. Nikamnong'oneza, "Bibi, fanya kazi yako." Akaniangalia. Akajifunga kanga kiunoni.

Jeneza lilipotoka mlangoni, bibi Kabula alikuwa ameshakaa njiani, miguu ameinyoosha, mkono wa kushoto ameukunja kifuani kama wako. Anasokota kamba isiyokuwepo. Wabebaji wakasimama. Yeye hata hakuinua macho. "Toeni miguu yenu kwenye singa zangu, wajinga nyie," akasema, kwa sauti yako, kwa ule uzito wako wa ulimi. Akaendelea kwamba marehemu alikuwa mchoyo, alikuwa mbishi, amemaliza sukari ya wilaya nzima ya Handeni, na leo mnambeba taratibu kama yai, mnamwogopa nini? Kwanza mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Halafu uwanja mzima ukacheka. Mama alicheka huku analia, akashika ukuta. Mjomba aliinamisha kichwa, lakini mabega yake niliyaona. Bibi hakutoka njiani mpaka alipopewa kuku.

Hivyo ndivyo ulivyotoka nyumbani, kaka. Ulitoka kama mwanamume aliyewahi kuudhi watu.

Kuna jingine, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Nimejifungua. Ni wa kiume. Nilikuja kujifungulia Korogwe ili mama awe karibu, na mtoto akatoka bila kulia. Mimi ninayepunguza oksijeni kila siku kwa mkono wangu, nikalala pale nikimwangalia mwanangu amekuwa wa bluu, na nilijua kila kitu kinachoendelea ndani ya kile kichwa kidogo. Sikutaka kujua. Muuguzi akamsugua mgongo, akamfunika pua na mdomo kwa barakoa ya kupumulia, akaminya mfuko wake wa hewa, akaminya, akaminya. Halafu mtoto akalia. Daktari ameniambia kweli, nami nimemshukuru kwa hilo: huenda yuko salama, huenda sivyo, itabidi tungoje tuone anavyokua. Usiku naogopa, kaka. Mchana pia naogopa.

Siku ya akika mjomba Athumani alikuja na jina tayari, Salimu, awe salama. Nikasema mtoto anaitwa Mhando. Mjomba akanivuta pembeni, akaniambia polepole kwamba jina hubeba mambo ya mwenyewe, na huyu mtoto tayari alichelewa kulia. Je, nataka abebe na yale?

"Mjomba," nikamwambia, "abebe yote."

Mama alisikia. Akaja akamchukua mtoto mikononi mwangu, akasimama mbele ya watu, akamwita jina lako kwa sauti ile aliyokuwa anakuita nayo ukiwa shambani. Hakuna aliyebisha.

Kwa hiyo sikuambii upumzike. Hukupenda kupumzika, na wanaokuombea mapumziko hawakukujua. Mungu akupe huko kazi ya mikono na watu wa kugombana nao. Mimi likizo yangu ikiisha narudi kwenye fuko wangu, na mwanangu narudi naye. Nitamfundisha kijiko, nitamfundisha kusoma, nitamfundisha matusi yako yote yanayofaa. Akiwahi, tutawahi pamoja. Akichelewa, nitachelewa naye.

Mdogo wako,
Mwanahamisi