Tiketi Zilizoutangulia Mwezi

Mama yangu, shikamoo huko uliko.

Mie ni yuleyule mwanao wa pili, uliyekuwaga unamwita Mama Haraka kwa sababu hata uji nilikuwa naunywa kabla haujapoa, halafu nalia. Nakuandikia kwa sababu juzi kuna jambo limenitokea, na mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia ni wewe. Nilishika simu kabisa, Mama. Namba yako bado ipo, sijaifuta na sitaifuta. Wanaosema nafanya uchuro waache waseme.

Unaikumbuka ile Idi ya bustani ya maji? Naona aibu kuuliza, maana ni mie ninayeikumbuka kila siku. Watoto walikuwa wameitamani mwaka mzima. Mwanahawa, somo wako, alikuwa na miaka sita, na mapacha Kulwa na Doto wametimiza minne. Shuleni kuna mtoto alikwenda akarudi na hadithi za mabomba ya kuteleza, basi nyumbani hapakukalika. Wewe ukasema, "Idi Mosi ya Mungu na wageni, Idi Pili ya watoto. Twendeni. Na mie nitateleza." Tukacheka wote. Tulidhani unatania.

Mwaka ule bei ndiyo zilikuwa zimebadilika. Zamani kiingilio kilikuwa kimoja, unafika getini unalipa unaingia, iwe siku ya kawaida iwe sikukuu. Safari ile wakaleta mambo mapya: ukinunua mapema kwa simu na kuchagua siku yako kabisa, nafuu; ukifika getini siku ya sikukuu mikono mitupu, macho yanakutoka. Na mie unanijua. Kazi yangu ya stoo pale kiwandani Chang'ombe ni kuagiza kitu kabla hakijaisha. Nilipoiona ile ofa mwili ulinisisimka. Nikahesabu vidole: Ramadhani ikiwa ishirini na tisa, Idi Mosi Jumamosi, Idi Pili Jumapili. Nikaja mbio kukwambia nanunua za Jumapili.

Ulikuwa uani unachambua mchele, hata uso hukunyanyua. "Kwani mwezi umeshaandama?"

"Bado, Mama, lakini watu wote wanasema tutafunga ishirini na tisa."

"Watu wote wepi hao? Wanakaa huko mwezini?" Ukapeta mchele wako taratibu. "Mwanangu, usiutangulie mwezi. Mwezi hauagizwi kama sabuni."

Nikakujibu kwamba ofa inaisha leo, nikabonyeza. Tiketi sita: yako, yangu, ya Baba Mwana na za watoto watatu. Nilijiona mjanja kuliko jiji zima.

Ijumaa jioni tukakaa kusikiliza redio, mwezi haukuonekana popote. Wewe ukasema alhamdulillahi, Mungu ametuongezea siku ya thawabu. Mie nimeshika kichwa. Jumamosi tukafunga ya thelathini, na Jumapili, siku ya tiketi zangu, ndiyo ikawa Idi Mosi. Baba Mwana, maskini, akajaribu kusema kwa adabu zake zote, "Mama, tukiswali, tukila, si tunaweza kuwahi mchana?" Ukamjibu mkweo kwa upole mpaka akaona haya: "Baba, Idi Mosi mlango wangu haufungwi."

Na kweli haukufungwa. Watu waliingia na kutoka mpaka tukaazima viti. Alikuja yule fundi mzee wa magodoro, nikamkaribisha pilau, akasema ameshiba, nikaendelea na mambo yangu. Ukanivuta mkono mpaka jikoni, somo wako amesimama hapo na birika la kunawishia wageni, anasikia yote. "Wewe, mgeni haulizwi mara moja. Ukimuuliza mara moja umemfukuza. Ya kwanza atakataa kwa heshima yake, ya pili atakataa kwa heshima yako. Ya tatu ndiyo ya kujibu." Nikarudi nikamuuliza tena, na tena. Mama, yule mzee alikula sahani mbili, akaomba na kachumbari.

Hayo yalikuwa siku moja tu kabla ya safari yetu, na ndiyo maana yananichoma.

Jumatatu, Idi Pili, ulitoka chumbani kabla ya watoto. Ulipoinama kuvaa viatu nikaona chini ya gauni lako la dira umevaa taiti nyeusi yenye mstari wa pinki pembeni. Ulikuwa umekwenda Tandika peke yako, ukachambua mtumba, ukapata, ukanyamaza. Nikakutania, "Mama, taiti ya nini na joto hili?"

"Si nimesikia kule hawaruhusu kuingia majini na dira? Kwani kuteleza kuna umri?"

Tukaenda na gari ya jirani, tukalikata jiji lote toka Temeke mpaka kule pwani ya kaskazini, watoto wanaimba hadi sauti zikawakauka. Getini palikuwa na dada mmoja mpole, hina mbichimbichi mikononi, na yeye sikukuu yake anaila kazini. Akaziangalia tiketi kwenye simu yangu.

"Dada, hizi za jana."

"Najua, mdogo wangu. Mwezi umetuangusha."

"Poleni. Mmeangushwa wengi leo." Na alikuwa anasema kwa huruma kweli. "Mnaweza kuingia nazo, ila mwongezee ifike bei ya sikukuu. Kila mtu yake."

Nikaanza kuongezea. Ya Mwanahawa, za mapacha, ya Baba Mwana, yangu. Wewe ulikuwa nyuma umewashika Kulwa na Doto mikono, lakini macho yako yalikuwa kwenye vidole vyangu. Nilipofika tiketi ya sita, nikasita. Kitambo kidogo tu, Mama, lakini uliona.

"Mie basi," ukasema. "Nitakaa hapa kivulini na huyu mwenzangu anayeuza maboya. Hata sina haja. Nendeni nyie."

"Kweli, Mama?"

"Kweli."

Nikageuka, nikaingia.

Sasa nisikilize, maana hili sijawahi kumwambia mtu, hata Baba Mwana. Hela ilikuwepo. Ilikuwa kwenye pochi ndogo, nimeitenga ya chipsi kuku za watoto, kwa sababu mule ndani chakula cha nje hakiruhusiwi na mie nilishawaahidi. Na nilijua unataka kuingia. Taiti si nimeiona kwa macho yangu? Yule fundi wa magodoro, mtu baki, nilimuuliza mara tatu. Wewe mama yangu mzazi nilikuuliza mara moja, tena haraka, kwa sababu niliogopa ya pili ungekubali.

Na lile kosa lilikuwa langu. Mie ndiye niliyeutangulia mwezi, halafu aliyebaki nje ni wewe uliyenikataza.

Chipsi zenyewe watoto hawakuzimaliza.

Tulipotoka alasiri tulikukuta kwenye stuli, mtandio umeufunga kiunoni, unaita wateja kama uliyezaliwa na biashara ile. "Njoo baba, boya la bata hili, mtoto hazami hata akitaka!" Mwenye maboya anacheka hana mbavu, anamwambia Baba Mwana mama yenu mniachie hapahapa. Watoto wakakurukia na nguo zao mbichi. Ukawataka wakuhadithie yote, nani aliogopa, nani alikunywa maji, nani alilia. Hukununa. Afadhali ungenuna.

Kwenye gari watoto wote walilala. Tulipofika karibu na daraja ukaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Lile bomba la bluu. Ukiwa mule ndani kuna giza?"

Lilikuwa linaonekana juu ya ukuta, lile bomba. Ulikuwa umelitazama siku nzima.

"Sijui, Mama. Nilifumba macho."

"Aa," ukasema. Ukageukia dirishani, na hatukulizungumza tena.

Kabla Ramadhani nyingine haijaingia, presha ikakuchukua. Baada ya arobaini, nguo zako zilipogawiwa, mashangazi wakang'ang'ania makanga mapya na lile dira la zambarau. Mie nikaomba taiti. Walinitazama, mmoja akasema mtoto huyu huzuni imempanda kichwani. Nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya kabati, na habari za bustani ya maji zikafa nyumbani kwangu. Watoto wakiuliza, nasema tutaona.

Idi hii ni ya tatu bila wewe, na sasa hata "tutaona" yenyewe imekwisha nguvu. Mwanahawa ana miaka tisa, mapacha wana saba, hawadanganyiki tena. Bei nazo zimegeuka upya. Siku za kazi zina bei yake, wikiendi yake, sikukuu yake, na ya sikukuu ndiyo imepaa. Siwalaumu sana wenye bustani, zile pampu haziendeshwi kwa dua. Lakini sie wa mshahara mmoja na nusu, siku tunayopata nafasi ya kukaa wote pamoja ndiyo hiyohiyo waliyoipandisha. Unaahirisha, unapunguza, mwisho unaanza kupunguza watu.

Basi siku moja katikati ya Ramadhani, tunafuturu, tuko mkekani, nikamwambia Baba Mwana, "Sikukuu hatutoshi wote. Wapeleke wewe watoto. Mie nitabaki, hata sina haja."

Mama, maneno yalitoka kwa sauti yako. Sikuyapanga. Yalitoka tu, nikakaa nayashangaa.

Mwanahawa akaacha kula. "Hutaki kweli, Mama?"

"Sitaki, mwanangu. Maji yananiharibia nywele."

"Hutaki hutaki?"

"Si nimekwambia sitaki? Kula tambi hizo."

Akanikazia macho, yale macho yako, makubwa, yasiyo na haraka. "Haya, nakuuliza ya tatu hii. Bibi alisema ya tatu ndiyo ya kujibu."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, nikashindwa. Nikasema, "Nataka." Halafu nikalia palepale mbele ya watoto na tambi zangu mkononi, Kulwa akadhani nimejing'ata ulimi, akaniletea maji. Kumbe ndivyo ilivyokuwa kwako. Ya kwanza ile unaisema huku umesimama mlangoni, unasubiri mtu akurudie. Unamsubiri kweli. Na yeye anaondoka zake akiamini amekusikiliza.

Baba Mwana hakuuliza ninalia nini. Akasema tu, "Kwani lazima Idi Pili? Idi inafuata mwezi, bomba lipo siku zote." Akaomba ruhusa gereji kwake, mie nikaomba kiwandani, tukachagua Jumanne baada ya sikukuu, shule bado zimefungwa, bei ya siku ya kazi. Idi Pili tukabaki nyumbani, watoto wakala biskuti wakazunguka kwa majirani, na hakuna aliyelalamika kwa sababu Jumanne wanaijua. Na tiketi sikuzigusa, Mama. Nilingoja mpaka nilipouona mwezi mwenyewe nikiwa uani naanua nguo, mwembamba juu ya paa la jirani. Ndipo nikabonyeza.

Juzi ndiyo ilikuwa Jumanne hiyo. Niliivaa taiti yako. Inanibana mapajani, ulikuwaga mwembamba kuliko nilivyodhani. Pale nje muuza maboya bado yupo, akanikumbuka, akauliza mama yangu mfanyabiashara yuko wapi. Nilipomwambia, akainama, akasema inna lillahi, akawapa mapacha boya la bata bure, akakataa katakata kulipwa. Nilimkazania mara tatu. Ya tatu akasema, "Hili ni la mama yenu, nimemlipa mshahara wake." Nikairudisha hela kwenye pochi.

Nisamehe, Mama. Ya kwanza hii. Nisamehe. Nisamehe.

Ngazi za kule juu ni nyingi, na upepo wake una baridi. Mwanahawa alipanda nyuma yangu ananisukuma kiuno ili nisirudi. Nikakaa, nikakunja mikono kifuani, nikasema bismillahi, na macho sikuyafumba.

Hakuna giza, Mama. Lile bomba linapitisha jua. Mule ndani ni bluu tupu, mbele na nyuma, mikono yangu ilikuwa bluu, na taiti yako, na maji yote yanayokukimbiza. Unasikia watoto wanacheka huko chini kabla hujawaona, na ungecheka na wewe, nakujua, ungepiga na vigelegele.

Ulale salama. Somo wako anakusalimu, shikamoo yake nimekuletea.

Mwanao wa pili,
Mama Haraka