Bibi, Namba Tatu kati ya Kumi

Firdausi,

Maharage yameiva, yaunge tu. Maji ya dumu la bluu ni ya kunywa, msiyaogee. Kuku wafungiwe kabla ya magharibi.

Ile picha ya Bibi uliyoagiza Facebook imefika asubuhi na basi la Mwanza. Nilijua tutaletewa boksi tupu, kwa hiyo nimeifungulia pale pale stendi, wakala akiona. Ni yeye: kitenge chake, ungo wa maharage, soko la Mabamba. Tangu tumzike hatukuwa na picha yake hata moja. Hilo nakubali.

Lakini chini pana sahihi ya huyo mpiga picha wako, Saady, na namba 3/10. Nimempigia hapo hapo. Ananijibu, "Mama, kila picha nasafisha nakala kumi tu, ndiyo thamani yake." Thamani ya nani? Nikamuuliza ruhusa alimwomba nani. Eti, "Mwenyewe alicheka, akaniambia piga." Mama yangu hakuwa mtu wa kuchekea wageni. Na humu anacheka mpaka pengo linaonekana. Huyo kijana alimwambia nini?

~~Ifunge vizuri, kesho inarudi.~~ Usiiguse. Iko ukutani chumbani kwangu, nimetoa kalenda.

Wewe unayeandikiana naye, muulize namba moja na namba mbili alimuuzia nani. Usimtukane, uliza tu. Nataka kujua mama yangu anakaa nyumba za nani.

Nimewahi kipindi chuoni.

Mama