Darasa la Lugha ya Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mama karudi kutoka hospitali. Mkono wa kulia umelala, mguu unaburuta. Hayo nilijiandaa nayo. Kiswahili je? Kimeondoka chote! Imebaki lugha ya kwao tu, ile aliyotuficha mimi na Dada tangu utoto — mtachekwa shuleni, alikuwa akisema. Sasa anaongea kutwa nzima na mimi nimekaa kama gogo. Daktari anasema kiharusi wakati mwingine hufanya hivyo, lugha ya utotoni ndiyo inayong'ang'ania. Ndugu zake wote wametangulia. Nimuulize nani?

Alhamisi, 7 Machi

Kanitupia kikombe. Nilileta chai, kumbe hakutaka chai. Nikaleta maji, uji, blanketi, beseni. Wapi! Mwisho akanigeuzia mgongo, akalia. Mimi nikaenda kulilia jikoni.

Jumanne, 12 Machi

Dada alipiga simu Ijumaa. Eti kuna mradi unaofundisha lugha ya Mama mtandaoni, bure. Nikajiunga siku ile ile. Leo nilikuwa nafanya mazoezi kazini, nyuma ya mashine ya kusagia vioo vya miwani — kuna sauti moja inatokea puani. Bosi akaniuliza kama nimeshikwa na mafua.

Darasa lenyewe sasa! Mwalimu ni mama wa makamo, na jogoo wake anawika kila tukifungua kinywa. Wanafunzi ni mimi, padri mmoja, msichana wa chuo, na mwingine asiyewasha kamera hata siku moja. Nimempa jina: Kigiza.

Jumapili, 17 Machi

Nimesema "maji" kwa lugha yake. Kanikodolea macho. Kisha kacheka mpaka mate yakamtoka upande ule uliolegea, akanisahihisha. Nikarudia. Akanisahihisha tena. Akanywa yote!

Nikampigia Dada. Nikamtamkia neno lile.

Alhamisi, 28 Machi

Padri kahamishwa. Msichana yuko kwenye mitihani. Nimebaki na Kigiza, naye sijui ni mtu au ni simu iliyosahauliwa kwenye chaji. Mwalimu kasema wenye mradi watalifunga darasa, wanafunzi hawatoshi. Nikamuuliza, sasa Mwalimu, utamfundisha nani? Akasema hata wanawe wa kuwazaa hawataki kumsikia. Jogoo akawika. Hakuna aliyecheka.

Nyumbani nako ni yale yale. Mama anasema haraka mno. Nashika neno moja, mengine yote yananipita. Najifunza nini? Nachota bahari kwa kijiko.

Jumatano, 3 Aprili

Nimemwomba Mwalimu azungumze na Mama, nje ya kipindi. Alikubali kabla sijamaliza kuomba. Jumamosi.

Jumamosi, 6 Aprili

Niliegemeza simu kwenye mto. Mwalimu akasalimia. Uso wa Mama ukainuka wote, hata upande uliokufa, naapa! Wakaongea. Wakaongea! Mama akawa anamwita mwanangu. Nikadhani ni mazoea ya wazee tu.

Kisha akashusha sauti, akanionyesha kwa kidevu. Huyu mwanamume ni nani? Ananilisha vizuri, lakini namwogopa. Mwanangu, njoo unichukue.

Nimeelewa. Kila neno! Kwa mara ya kwanza sentensi nzima, bila kusaidiwa na mtu. "Mwanamume" tulifundishwa mwezi uliopita. "Kuogopa" wiki hii.

Mwalimu akaniambia kwa Kiswahili, polepole: Umemsikia, baba? Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza: Nimwambie mimi si mwanawe? Nimwambie mwanawe ni wewe? Nikajaribu kusema mwenyewe — mimi ni mwanao, naijua, nimeirudia njiani kila siku. Sauti ya puani ikagoma. Mama hata hakugeuka. Alikuwa anapapasa kioo cha simu kwa mkono ule mzima.

Nikamwambia Mwalimu asubiri kidogo, nakuja. Niko jikoni, naandika nikiwa nimesimama. Mwalimu bado anasubiri nimpe jibu. Mama hasubiri — anamwelekeza njia ya kuja kumchukua. Kushoto, anasema. Kisha neno nisilolijua. Kisha kushoto tena —