Baba Alikuwa Beki Tatu

Jumapili, Novemba. Mvua ya rasharasha, na giza limeingia saa tisa mchana, kama kawaida ya huku Uswidi. Sina huzuni, sina furaha. Nimechoka tu.

Baada ya ibada kule Tumba tulibaki ukumbini na kahawa, na wanaume tukaanza mambo yetu ya kila Jumapili: wachezaji wa zamani. Waganda, Wakongomani, sisi Wakenya, kila mtu na mshambuliaji wake. Makipa wawili watatu walitajwa pia. Mabeki hakuna. Nikawaambia hii si haki. Beki anakaba dakika tisini bila kuonekana, akiteleza mara moja ndipo watu wanauliza jina lake.

Wakaniuliza kama mimi nina wa kumtaja. Nikasema ninaye, marehemu baba yangu. Alichezea ligi kuu nyumbani, beki tatu.

Joel, Mtanzania anayeishi Akalla, akaweka kikombe chini.

"Baba mzima, beki tatu? Alikuwa anaosha vyombo?"

Kwetu beki tatu ni beki wa kushoto, basi. Kumbe Watanzania humwita hivyo, kwa utani, msichana wa kazi za ndani. Joel alipotufafanulia, watu wakavunjika mbavu. Hakuwa na ubaya wowote, namjua.

Na mimi nikacheka.

Sasa niseme ukweli, maana blogu hii inasomwa na watu saba. Baba aliosha vyombo kweli. Goti lilipoharibika, klabu haikumtafuta tena, akaenda Nairobi kufanya kazi nyumbani kwa watu. Alipika, akafua, akapiga pasi mashati ya mwanamume aliyekuwa mdogo kwake kwa umri. Alifanya hivyo mpaka nikamaliza shule. Wenzangu walipouliza kazi ya baba, nilisema ni mchezaji. Nimeendelea kusema hivyo hadi leo, na ndevu zangu zina mvi.

Kwa hiyo sikuwa nikicheka utani wa Joel. Nilidhani wamejua, nikaogopa. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwenye treni ya kurudi Jakobsberg, binti yangu Neema alivua vidude vyake vya masikioni. Ana miaka kumi na moja. Katika timu yake naye hupangwa beki wa kushoto, na kila wiki hulalamika. Akaniuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake: "Varför skrattade de åt farfar?" Kwa nini walimcheka babu.

Nikamjibu kwamba walikosea neno tu. Akarudi kwenye muziki wake.

Tumefika nyumbani, tumekula. Nimepiga pasi shati langu la kesho kama baba alivyonifundisha, kola kwanza, kisha mikono, mgongo mwisho. Sijawahi kumwambia mtu nilijifunzia wapi. Mke wangu anadhani ni jeshini, na mimi sijawahi kuwa jeshini.

Neema yuko chumbani kwake na mlango uko wazi. Nikifunga kompyuta hii naenda kumwambia kwamba hawakukosea neno. Babu yake alikuwa beki tatu uwanjani, akawa beki tatu jikoni, na kote kuwili hakuna aliyeuliza jina lake.

Aliitwa Hezroni.